Mstari wa Usingizi

Kalamu hii alinipa kaka yangu alipochoka kusikia malalamiko yangu. "Wewe andika hata neno moja tu," aliniambia, "yenyewe inarekodi anachosema mwalimu. Ukifika nyumbani, liguse neno hilo kwa ncha yake, utasikia kilichokuwa kinasemwa ulipoliandika." Nikamwambia asante, ila angenitafutia na ya kulala kwa niaba yangu.

Maana nimechoka, jamani. Alfajiri niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, naingiza mashuka kwenye mashine, natoa mashuka, nakunja mashuka. Mchana nakimbilia darasani kusomea utoaji wa dawa, mikono bado inanuka sabuni. Na mwalimu wetu hana utani. Ukisinzia, unatolewa nje. Ukitolewa mara mbili, mtihani huufanyi. Mimi nilishatolewa mara moja.

Jirani yangu wa dawati tunamwita Kidomo, kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Asubuhi anauza mitumba sokoni, na mchana anakuja kunimalizia masikio. Jumanne ile ndiyo alinichosha kabisa. Nilishtuka usingizini ugoko unaniuma kwa teke, kiti chake kitupu, somo limeisha. Nikasema moyoni, ona mtu huyu, kanipiga teke halafu katoroka zake!

Kesho yake akaja kwa upole. "Dada, niazime hiyo kalamu nisikilize somo la jana. Lilinipita, na mwalimu kasema halikosi kwenye mtihani."

"Si ulitoka kwa miguu yako?" nikamjibu. "Ungekaa, ungelisikia."

Kidomo akaitikia "haya" na kugeukia daftari lake. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili, siku moja kabla ya mtihani, nilikaa jikoni miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, nikawa nagusa neno baada ya neno. Nikafika kwenye ukurasa wa Jumanne, ambao nilikuwa naukwepa kwa aibu. Juu niliandika vizuri kwamba dozi ya mtoto hufuata uzito wake. Chini yake herufi zikalegea, kisha ukabaki mstari mmoja tu unaoteremka hadi mwisho wa karatasi. Hapo nililala na kalamu mkononi. Nikaugusa.

Nikasikia mkoromo. Lo, ndio mimi huyo! Watu wakacheka chini kwa chini, na chaki ikanyamaza ubaoni.

"Nani anakoroma?" Sauti ya mwalimu.

Mkoromo wangu ndio ukamjibu. Kisha kishindo kidogo chini ya dawati, na mkoromo ukakatika. Nikajikuta nimeshika ugoko.

"Ni mimi, mwalimu," Kidomo akasema. "Nisamehe, usingizi ulinipitia."

"Toka nje."

Nikasikia zipu ya begi, viatu, mlango. Mwalimu akaendelea na dozi za watoto, mwanzo hadi mwisho, na yule aliyenisitiri hakusikia hata neno.

Nililia pale pale, mjinga mimi, miguu kwenye maji. Nikavaa kandambili bila kujifuta, nikaenda kwake.

Alifungua mlango macho mekundu. "Umekuja kuninunia hadi nyumbani?"

"Nimekuja na kalamu. Nimesikia kila kitu."

"Na ule mkoromo wako umeusikia? Mashine ya kusaga nafaka ikasome!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, na ulivyonivimbia? Wewe ulibakiza nafasi moja. Mimi nilikuwa nazo zote mbili."

Nikaona haya, sikujua niangalie wapi. Tulikaa mkekani, nikagusa mwanzo wa mstari. Tukaucheka mkoromo hadi mbavu zikauma, kisha somo likaanza. Mwalimu hajafika hata kwenye dawa za maji, kichwa cha Kidomo kikaniangukia begani. Alishinda sokoni tangu asubuhi, maskini, hata Jumapili. Nilitamani nimwache alale. Mimi mwenyewe macho yalikuwa yanafunga.

Nikarudisha sauti nyuma, nikampiga teke la ugoko.

"Amka, mwenzangu," nikamwambia. "Kesho kwenye mtihani siwezi kusema ni mimi."