Korja ya Bi Zakiya

Mirriam alikuwa na diploma ya masoko, na hungekaa naye dakika tano asikwambie. Katika duka la leso la Bi Kaneez, Mtaa wa Biashara, alimimina yote: soko lengwa, mteja mtarajiwa, thamani ya chapa. Bi Mejumaa, muuzaji wa miaka mingi pale, alimsikiliza huku akikunja leso. "Mashallah, umesoma," alimwambia, wala hakuwa akimkejeli.

Lakini wiki yake ya majaribio ya kazi ilikuwa ikiisha Jumamosi adhuhuri, na Bi Kaneez alishakata shauri: Mirriam asipouza korja moja, yaani leso ishirini, kazi hana. Na mpaka asubuhi ya Jumamosi hiyo, maskini, alikuwa hajauza hata moja!

Saa tano na nusu akaingia Bi Zakiya. Anaoza mwanawe, ataka leso nyekundu za kuwapelekea kina mama wa upande wa bibi harusi, na miwani kaisahau nyumbani. Mirriam akamvaa hapo hapo. Akamtandazia leso nyekundu, akamsifia rangi, akampa bei ya jumla. Bi Zakiya akafungua mkoba.

"Ngoja, dada," akasema Bi Mejumaa. "Umesomewa maandishi yake?" Akamsomea: "Jipendekeze utakavyo, hupendwi."

"Ebo! Niwapelekee wakwe matusi?" Mkoba ukafungwa. Na kama hayo hayatoshi, Bi Mejumaa akamwelekeza kwa Burhanuddin, duka la pili, ati hapa nyekundu ni hiyo tu, na huko ni nyingi. Jamani! Mirriam alimchukia mwanamke yule kwa moyo wake wote.

Bi Zakiya akafika mlangoni, akasimama, akarudi. "Na huko nani atanisomea? Nichagulieni nyinyi, hata iwe ya kijani. Na dada zangu nitawaleta hapa hapa."

Uaminifu wa wateja! Mirriam aliuandikia kurasa mbili kwenye mtihani, akapata alama nzuri, na hakuwahi kuuona kwa macho yake mpaka siku ile. Alimtazama Bi Mejumaa akisoma leso moja moja, akaona haya, na papo hapo akampenda.

Bi Kaneez alipotoka ndani, korja ilikuwa imeshafungwa. "Nani kauza?"

"Ni Bi M—" akaanza Mirriam.

"Mirriam," akasema Bi Mejumaa, bila kuinua macho. "Mwandike kazi."