Mkono wa Kushoto wa Ramla

Saynab alikuwa ameshaupasha moto msumari nilipoingia uani kwake, katika mtaa wa Iftin. Mjukuu wake Ramla, mtoto wa miezi miwili, alikuwa analia mapajani mwa mama yake, Fartun. Kwenye mkono wa kushoto, pale nilipomdunga chanjo ya kifua kikuu wiki nne zilizopita, palikuwa na kijipu chenye usaha.

"Karibu, daktari wa kuumiza watoto," alisema Saynab. "Wewe umeleta ugonjwa, mimi nautoa. Nitachoma mara tatu kukizunguka."

Mwaka huo, 1994, watoto wawili wa mtaa wetu walikuwa wamelazwa kwa vidonda vya kuchomwa msumari vilivyooza. Nikasimama kati yake na mtoto.

"Huchomi, ayeyo," nilisema, nikimwita bibi kama watoto wote wa mtaa.

"Abdikafi! Kitovu chako nilikikata mimi!"

"Na mimi nimechanja watoto mia nne. Sikiliza. Kijidudu nilichomtia kimedhoofishwa, lakini ukuta wake ni uleule wa kile kikali kiletacho kifua kikuu, umejaa nta. Askari wa mwili wakiugusa ukuta huo hupandwa na hasira, huitana, hujazana hapo hapo. Uvimbe ni wao. Wanajifunza kumjua adui."

"Nta! Umemtia mjukuu wangu mzinga wa nyuki!"

Fartun alicheka. Mama mkwe wake akamkazia jicho, akauinua msumari.

Nikaona maneno ya darasani hayatoshi. Saynab alichunga ng'ombe huko Sangailu miaka arobaini. Nikamuuliza, "Homa ya mapafu ilipoingia zizini mlifanyaje?"

"Huyu wa mjini hajui kitu! Tulichukua kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa, tukakipachika chini ya ngozi ya mkia wa aliye mzima."

"Mkia ukavimba?"

"Ukivimba, dawa imeshika. Usipovimba, unarudia."

"Na uvimbe huo mliuchoma?"

"Una wazimu? Ukiuchoma umeharibu kazi yote..."

Akautazama mkono wa Ramla, kisha akauzika msumari mchangani.

"Ungeanza na ng'ombe tangu mlangoni, ukaacha nta zako," alisema. "Fartun, asikiguse mtu. Hata majani msipake. Na mtoto wa binti yangu Amino, mbona mkono wake laini? Ulimdunga maji?"

"Nimemchanja juzi, ayeyo. Subiri wiki tatu."

"Nasubiri. Usipovimba, nakufuata hukohuko zahanatini kwako."