Mbeba Viatu wa Ngome ya Kijapani

Mgeni mpe jembe siku ya kwanza. Zile siku mbili za kukaribishwa atazipata akishamaliza kulima. Hivyo ndivyo Chebet alivyoupindua msemo wa bibi yake juma lile alilofika Al-Malqa, Riyadh, maana begi lake lilikuwa halijafunguliwa hata zipu alipokabidhiwa ndoo, dekio na watoto watatu. Sasa miaka miwili ilikuwa imekatika, na miezi miwili juu yake, naye siku za kukaribishwa bado alikuwa akizingoja.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Mkataba ulisema kwamba baada ya miaka miwili ataenda likizo kwao, Bomet, mwezi mzima. Naye aliitaka Desemba hii, si nyingine, kwa sababu mdogo wake Wesley alikuwa anaingia jandoni. Mama yao alishafariki, na siku ya vijana kutoka lazima awepo mtu wa kusimama mahali pa mama. Shangazi wapo, lakini shangazi za Chebet siku ya sherehe husimama karibu na sufuria tu. Wa kusimama alikuwa yeye. Kila akimwomba baba mwenye nyumba ile ruhusa ya kutoka nchini, ambayo haitolewi na mtu mwingine ila kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, alijibiwa neno moja: "Bukra." Kesho. Na bukra ya baba ilikuwa ndefu kuliko barabara ya kutoka Riyadh hadi Jeddah.

Katika nyumba hiyo aliishi pia Faris, mdogo wake baba, kijana aliyerejea kutoka Japani alikokaa miaka sita akisomea uhandisi. Kila mtu alijua kwamba Kijapani cha Faris kinatiririka kama maji. Walijua kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia. Wageni wakija, baba humwomba awasomee shairi la Kijapani, naye Faris hufumba macho, akaweka mkono kifuani, akatamka polepole kwa sauti ya majonzi. Siku moja mzee mmoja kutoka Dirah, Abu Mish'al, alifuta machozi kwa ncha ya kilemba chake.

Chebet siku hiyo nusura amwage gahawa. Shairi lenyewe lilikuwa hivi: "Milango inafungwa. Tafadhali msikimbilie treni. Katika kituo kijacho tutafungua milango ya upande wa kulia."

Hakuna aliyejua kwamba Chebet anakielewa Kijapani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza jambo lisilohusu chakula, nguo au watoto. Chuoni Nairobi, alikosomea diploma ya utalii, kila mwanafunzi alichagua lugha moja ya kigeni. Wenzake walikimbilia Kifaransa. Yeye akachukua Kijapani kwa sababu mwalimu alisema ni kigumu mno kwa wasichana. Miaka mitatu aliwatembeza wazee wa Kijapani Maasai Mara akiwaonyesha simba, mpaka watalii wakaogopa kuja Kenya, kampuni ikafunga milango, na ajenti akatokea na fomu za Saudia. Tangu hapo Kijapani chake kilikuwa kimelala ndani yake kama nguo ya Krismasi chini ya sanduku. Hakumwambia mtu habari za lile shairi. Kicheko kizuri hakiliwi siku moja.

Novemba, shule zilipofungwa, familia nzima ilishuka Jeddah kwa ajili ya posa ya Faris. Baba yake msichana alikuwa Abu Rakan, mfanyabiashara mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa kuliko tumbo, na alikuwa na habari njema: kwenye ukumbi mmoja karibu na Kornishi, barabara ya ufukweni, yalikuwa yameletwa maonyesho ya ngome ya kale ya Kijapani. Wamejenga upya ngome kwa mbao, ghorofa mbili, na ndani wameweka mavazi ya vita, panga na vyombo vyenye umri wa miaka mia nne. Mtunzaji wa makumbusho ya ngome yenyewe, Mzee Morita, amesafiri na vitu vyake na anawatembeza watu kwa mkono wake.

"Mkalimani wao ana kundi jingine," alisema Abu Rakan mlangoni, akicheka. "Nikawaambia, mkalimani wa nini? Bwana harusi wetu amekaa huko miaka sita!"

Faris alitabasamu kama mtu aliyeumwa na jino akaambiwa apigwe picha.

Ngomeni hakuingiwi na viatu. Familia zote mbili zilivua, na viatu vikaachiwa Chebet pamoja na Jerioth, mfanyakazi wa kina Abu Rakan, Mkenya mwenzake kutoka Murang'a aliyekuwa Jeddah mwaka wa tatu.

"Pea kumi na moja," Jerioth alisema, akizipanga. "Dada, hapa tukiita tu 'chagua mia, chagua mia', tunamaliza mzigo kabla hawajatoka."

"Vya madam wangu viweke mbele. Hivyo ni mia mbili."

"Wee! Na vidole vyake vilivyovipanua hivi? Hamsini, na nikupunguzie."

Chebet alikuwa akicheka bado Mzee Morita alipoanza kusema kule ndani. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, sauti yake laini. Alisema: "Karibuni. Vitu hivi ni vya kale sana. Naomba msiguse chochote."

"Anasema karibuni," Faris alitafsiri, kifua mbele. "Jisikieni mko nyumbani. Shikeni mnachotaka."

Mama mkwe mtarajiwa akalisogelea vazi la vita, akakishika kinyago cha chuma na kukivuta sharubu. Mzee Morita alitoa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani.

"Unacheka nini sasa?" Jerioth aliuliza. Chebet alimweleza. Jerioth akakiacha kiganja chake hewani, na kiatu ndani yake. "Ati unajua Kijapani? Na uko hapa na mimi na viatu?"

"Kwani viatu vinauliza cheti?"

Kabla Jerioth hajajibu, Lamia, kitinda mimba wa baba, aliangua kilio. Sauti ya madam ikafuata. "Chebet! Yalla, njoo umchukue mtoto!"

Ndivyo mbeba viatu alivyoingia ngomeni, mtoto kiunoni, akatembea nyuma ya Faris hatua moja. Mbao za sakafu zililia chini ya miguu yao kama ndege waliobanwa. Mzee Morita alieleza, kisha akangoja. Wote wakamtazama Faris. Jasho lilikuwa limemtengenezea mto mdogo shingoni.

"Anasema sakafu inalia makusudi," Chebet alimnong'oneza kwa Kiingereza, akijifanya anambembeleza mtoto. "Mbao zilipangwa hivyo ili adui asiweze kunyemelea."

Faris alirudia kwa Kiarabu, neno kwa neno, na watu wakashangilia. Kisha akageuka, mweupe kama mtindi. "Umejuaje?"

"Nilijua tangu lile shairi lako la treni."

Lamia alicheka peke yake.

"Unataka nini?"

"Likizo yangu. Desemba. Kaka yako anakusikiliza wewe."

"Halas, imekwisha. Naapa. Endelea tu."

Basi ziara ikanoga. Chebet alinong'ona, Faris akapaza. Alieleza matundu ya ukutani ya kudondoshea mawe, panga zilizopinda kama mwezi mchanga, mlango mdogo wa chumba cha chai ambao kila mtu, hata bwana wa ngome, aliupita kwa kutambaa na upanga wake kauacha nje. Abu Rakan alitaka kujaribu. Aliingia nusu, tumbo likakataa, na ikabidi baba amsukume kwa nyuma huku akiomba radhi kwa adabu zote za Uarabuni. Hata madam alicheka. Aliipenda zaidi ile sakafu. Akauliza kama mtu anaweza kuitengeneza nyumbani, mlangoni mwa jikoni, ajue nani anafungua friji. Chebet naye alikuwa akiwaza sakafu iyo hiyo, mahali pale pale, lakini kwa ajili ya nyayo za madam, ambaye huja jikoni kimyakimya kuhesabu maembe.

Msichana wa posa alimtazama Faris kwa macho yenye nyota. Faris akavimba. Walipofika kwenye ngazi za ghorofa ya juu, hakuwa tena mtu anayesaidiwa. Alikuwa msomi anayejikumbusha.

"Usisahau Desemba," Chebet alimwambia.

"Desemba?" Faris aliinua bega. "Aah, Chebet. Januari mimi naoa. Nyumba itajaa wageni. Nani atafanya kazi? Tuseme baada ya Ramadhani, inshallah."

Chebet alimweka Lamia vizuri kiunoni, akapanda ngazi. Binti wa Bomet akinyamaza namna ile, ng'ombe nao huacha kucheua wasikilize.

Juu kabisa palikuwa na samaki wawili wa dhahabu, mikia hewani, kama wale wanaowekwa kwenye paa la ngome. Mzee Morita alieleza kwa furaha kwamba samaki hao hulinda jengo lisiungue. Wahenga waliamini kwamba moto ukizuka watatema maji. Alisema mengi, akangoja.

Chebet akaanza kunong'ona, kipande kwa kipande. Faris, ambaye macho yake yalikuwa kwa mchumba, akavirusha vipande hivyo hewani kama spika.

"Anasema bwana wa ngome hii alikuwa na desturi. Mtumishi akitimiza miaka miwili, alirudishwa kwao kuwaona watu wake. Pamoja na zawadi. Na bwana yeyote aliyesema kesho, kesho, alihesabiwa mbele ya wakwe zake kuwa mtu asiye na neno."

Masikio ya Faris yaliyasikia maneno ya mwisho baada ya kinywa chake kuyatoa. Mzee Morita, akitabasamu, alionyesha kwa kidole mkia wa samaki.

"Subhanallah!" Abu Rakan alisema. "Watu wa mbali vile, na tazama adabu zao!" Akamgeukia baba. "Na huyu wako, ana muda gani?"

Baba aliwatazama wakwe: Abu Rakan, mkewe, wajomba wawili wenye ndevu, bibi mmoja mwenye mkongojo. Riyadh nzima ingemsikia akisema bukra, isingekuwa kitu. Lakini neno la mwanamume mbele ya watu anaoposa kwao ni kama mate: likishatoka halimezwi tena.

"Anaondoka Desemba," baba alisema.

"Na zawadi?"

"Na zawadi," baba alisema, kama anayeng'olewa gego.

Abu Rakan hakukubali kupitwa kwa ukarimu nyumbani kwake Jeddah. Aliinama kwenye ngazi, akanguruma: "Jerioth! Na wewe pia!"

"Sijavichanganya, baba!" Jerioth alilia kutoka chini. "Wallahi viko sawa!"

Yangeishia hapo, kama si mazoea. Wakwe walishatangulia kwenye magari, Chebet akiwavisha watoto viatu, Mzee Morita alipokuja kuwaaga na kuinama. Miaka mitatu ya Maasai Mara ilimrudia mgongoni. Chebet akainama naye, akamshukuru kwa Kijapani safi cha heshima, akamwambia pole kwa kazi. Mzee alipiga makofi. Alimshika mikono yote miwili, akasema, akasema zaidi, akauliza, akajibiwa, wakacheka. Madam alisimama hapo na kiatu kimoja mguuni. Alimtazama Chebet, akamtazama Faris, akayatazama tena madirisha ya ghorofa ya juu. Madam hakuwa mjinga.

Alasiri ile, kwenye nyumba waliyopanga, Faris alisema yote. Alidhani akikiri yeye kwanza, kosa litaangukia upande wa pili.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Hata lile shairi?"

"Hata lile."

"Milango inafungwa?"

"Inafungwa, kaka."

"Abu Mish'al alilia!" baba alisema. "Mzee wa miaka themanini, alilia kwa ajili ya treni!" Akafunika uso kwa mikono, na mabega yakamtikisika; haikujulikana kama ni hasira.

Madam hakucheka. "Shairi ni upuuzi wa mtoto wa kiume," alisema. "Lakini huyu ametia maneno kinywani mwa mzee wa watu, mbele ya wakwe zetu, akamfunga mume wangu kamba. Aombe msamaha."

Simu ya baba ililia juu ya meza. Ulikuwa ujumbe wa Abu Rakan: je, tarehe tatu Desemba inafaa, ili wasichana wasafiri pamoja mpaka Nairobi? Baba aliusoma kwa sauti, akakohoa, akaifungua ile fomu ya ruhusa kwenye simu. Kidole chake kikabaki kikining'inia juu ya kioo.

"Sema tu neno, Chebet," alisema, karibu kwa kubembeleza. "Sema samahani, madam aridhike, mimi nibonyeze, tule."

Samahani. Chebet alilijua neno hilo kuliko jina lake. Alishalisema kwa chumvi iliyozidi, kwa chumvi iliyopungua, kwa pasi iliyoharibika kabla yeye hajazaliwa, kwa kikohozi cha mtoto, kwa vumbi ambalo Mungu mwenyewe alilileta na upepo wa jangwani. Miaka miwili alilitoa bila kuulizwa kosa ni lake au si lake. Alimtazama madam usoni, kitu ambacho hakuwa akikifanya mara nyingi.

"Madam, Faris alikosea tangu mlangoni, na mkampigia makofi," alisema. "Mimi nimepindua maneno ya mzee mara moja, kwa makusudi, na nilijua ninachofanya. Likizo ni yangu, iko kwenye mkataba. Kwa sakafu nikiichafua nitakuomba radhi. Kwa hili siombi."

"Chebet!"

"Siombi, madam."

Baba aliutazama tena ujumbe wa Abu Rakan, akabonyeza.