Zizi la Msusi

Msusi alikuwa na zizi ndani ya mchezo wa simu yake. Binti wa dada yake ndiye aliyemfundisha mchezo huo alipokuja likizo: namna ya kuchimba udongo, kupanga matofali mpaka yawe ukuta, na, lililomkaa rohoni kuliko yote, kuzalisha wanyama. Unamlisha kondoo ngano, unamlisha na mwenzake, vimoyo vyekundu vinaruka juu ya vichwa vyao, wanasogeleana, mara kitoto kimesimama katikati yao, kichwa kikubwa, miguu mifupi.

"Mama mdogo, umeshakuwa mfugaji," binti alimwambia, akarudi zake shule.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye kioo kirefu na harufu ya mafuta ya nywele iliyokwisha kuhamia hata kwenye mapazia. Msusi alifuga wakati wa kusubiri wateja. Wengine walimpa ushauri wakiwa wameketi chini ya kikausha nywele: huyu alitaka ng'ombe waongezwe, yule aliona uzio ni mfupi. Mumewe hakuwa na neno. Alikuwa fundi bomba, mtu mpole, hodari wa kuziba mabomba ya watu na hodari zaidi wa kuziba mdomo wake.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nao pamoja na bintiye mkubwa. Mteja mmoja alitania kwamba nyumba ile sasa ina wifi za aina mbili, ya intaneti ya kuunganisha watu na ya ukoo ya kuwakata.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuficha neno chini ya ulimi. Lolote alilolianza lilizunguka likaangukia kwa mjukuu aliyemsubiri. Alipoona simu ya mkwewe, alisema kumbe kuzalisha anajua, ila si mahali panapohitajika. Msusi aliitikia, "Ndiyo, mama."

Asilolijua bibi yule ni kwamba Msusi na mumewe walizunguka hospitali miaka na miaka wakitafuta mtoto. Msusi alikunywa dawa zilizomvimbisha, akachomwa sindano, akalia chooni bomba likiwa wazi ili asisikike. Siku moja, wametoka kwa daktari, waliketi kwenye benchi nje ya lango, naye akamwambia mumewe kwamba hatarudi tena. Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alikubali, ila alimsihi mkewe kwamba mama yake asiambiwe. Basi tangu hapo maneno yote ya mama yakawa yanamshukia mke peke yake.

Jumapili moja baada ya mama mkwe kuiona simu, kikaitishwa kikao sebuleni. Wifi alivuta kiti karibu na mlango kama askari wa zamu. Mama mkwe alisema amevumilia vya kutosha. Mchezo ule ufutwe sasa hivi, mbele ya macho yake, na kesho Msusi aandamane na wifi yake kwa mganga mmoja wanayemjua. Akikataa, wanawake hawajaisha duniani.

Msusi alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akichunguza kucha zake.

"Sifuti," Msusi alisema.

Wifi aliinua kichwa.

"Sifuti mchezo, na kwa mganga siendi. Nimeacha kutafuta mtoto, mama. Sikushindwa, nimeacha. Mwili wangu ulifika mahali nikauona kama si wangu. Sasa ni wangu."

Mama mkwe alimkazia macho. "Kwa hiyo hao kondoo ndio watoto wako?"

"Hapana. Hao ni kondoo tu. Nawazalisha kwa sababu napenda. Ningekuwa na watoto kumi, ningewazalisha vilevile."

Na kwa kuwa simu ilikuwa mapajani, akaifungua palepale. Alimlisha kondoo mweupe, akamlisha mwekundu. Vimoyo viliruka, mwanakondoo akatokea, rangi ya waridi kabisa. Akamgeuzia mama mkwe kioo cha simu amwone. Mama mkwe aligeuza uso, lakini alikuwa ameshaona.

"Na wewe umekaa tu unasikiliza?" alimgeukia mwanawe.

Fundi alijikuna shingo. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Tuliamua wote wawili, mama. Mimi ndiye niliyemwomba akufiche. Nilikuogopa. Na mke mwingine sitaki."

Hapo kikao kikafa chenyewe.

Kesho yake wageni walifunga mizigo. Msusi alimbebea mama mkwe begi mpaka kituoni. Bibi hakumzuia, wala hakumshukuru. Kabla ya kupanda gari alimwambia hatasahau. Msusi akajibu kwamba naye hatasahau, akampa mikono yote miwili na kumtakia safari njema.

Tangu siku hiyo mama hupiga simu kwa mwanawe tu. Habari zilisambaa kwa ndugu, na wapo walioacha kumsalimu Msusi. Mteja mmoja alikuja na pole iliyojaa udaku, akaanza kuuliza kama ni kweli amekata tamaa. Msusi alisimamisha kitana katikati ya nywele zake, akamwambia pole za namna hiyo huachwa mlangoni pamoja na viatu. Mteja alisukwa mpaka msuko wa mwisho, akajitazama kwenye kioo upande huu na upande ule, na mwezi uliofuata akarudi.