Supu ya Kavata

Nthambi alifika mjini Mlolongo siku ya nne baada ya mkaza mwanawe kujifungua, kuku mkononi, kiondo cha unga wa wimbi mgongoni. Alimkuta Kavata kitandani, midomo imemkauka, kitoto kikivuta ziwa na kuliachia kwa kilio.

"Umekula nini leo?"

"Chai ya rangi, Mama. Na mkate."

"Na jana?"

Kavata akatazama ukuta. "Musili anasema nikikula sana tumbo haitarudi."

Nthambi akageuka kumtazama mwanawe. Musili alikuwa amesimama mlangoni akiwatumia watu picha za mtoto, kitambi chake kikiwa kimeshinda vifungo viwili vya shati. Huyo ndiye mtaalamu wa matumbo! Mwanamume ambaye tangu mwaka juzi hajaona vidole vyake vya miguu.

Nthambi akaenda zake jikoni. Alichinja kuku, akamchemsha polepole, akakoroga uji wa wimbi kwa maziwa na kumsimamia Kavata mpaka akamaliza vikombe viwili. Kisha akapanda juu ya paa la ghorofa kuanua nguo za mtoto.

Aliporudi, sufuria ilikuwa mezani sebuleni. Musili na rafiki yake Maundu walikuwa wameshajipakulia.

"Mwaitu, karibu," Musili akamwambia mama yake, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Tunajipongeza kidogo. Kupata mtoto si mchezo."

"Wewe ulishonwa nyuzi ngapi?"

Maundu akacheka, akaona anacheka peke yake, akabaki na paja mkononi. Alikuwa hajaling'ata. Nthambi akalichomoa vidoleni mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe, akalirudisha kwenye sufuria. Sahani ya mwanawe hakuigusa. Ilikuwa mifupa mitupu.

"Lakini Mwaitu, mgeni…"

"Mgeni wa nyumba hii ana siku nne, na chakula chake kinapitia kwa mama yake."

Akaibeba sufuria chumbani, akafunga mlango kwa kisigino. Kavata alikula jasho likimtoka, akanywa mchuzi wote, akaomba uji tena. Kesho yake asubuhi maziwa yalishuka mpaka yakalowesha leso.

Nthambi alikaa wiki tatu. Musili alikuwa akisemeshwa tu anapotumwa buchani miguu ya ng'ombe ya supu ya Kavata, na akirudi, mama yake aliufungua mfuko kwanza kukagua kama imetimia. Asante hakuwahi kuipata.