Kawa la Feni

Ngwali alikuwa amejiinamia juu ya madigadi, boneti wazi, akikaza tena nati kwa ncha za vidole, Khatib aliposimama nyuma yake na kuuliza:

"Hicho n'nini hicho?"

"Bati tu," alijibu Ngwali bila kugeuka. "La kuzungushia feni."

Khatib alikuwa mtu wa tawi la chama. Duka lake lilielekeana na kituo cha magari cha Mkoani, na tangu uchaguzi wa Januari kumalizika bila ya mshindi na kutangazwa mwingine wa Juni, kazi yake kubwa haikuwa tena kuuza mchele. Kazi yake ilikuwa kuangalia nani kapanda gari la nani, nani kanunua chumvi wapi, nani kenda kuzika kwa nani. Watu walikwisha gawana maduka, wakagawana visima, na sasa walikuwa wanagawana magari.

Gari la Ngwali, ambalo kwa hakika lilikuwa la Bwana Nyange na yeye dereva tu, lilihesabiwa la chama cha Khatib. Lilikuwa gari la zamani, lililobaki kutoka vitani, likavishwa bodi la mbao na mabenchi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuchemka. Kila mlima baina ya Mkoani na Chake lilisimama, likatoa moshi puani, na abiria wakashuka kukaa kivulini wakati Ngwali akishuka bondeni na debe. Ramadhani hii ilikuwa imeangukia ndani ya joto la kaskazi. Watu wamefunga, midomo imekauka, nao wanalitazama gari likinywa debe baada ya debe. Mzee mmoja alisema kwa uchungu, "Kumbe kafiri ni hili tu humu ndani."

Jana alasiri Ngwali alichoka. Alilipeleka gari Tibirinzi, pale Chake, akaliingiza nyuma ya nyumba ya Mabruki. Mabruki alikuwa fundi wa bati na baiskeli, na walisoma chuo kimoja, wakapigwa kwa henzerani moja. Lakini babu yake Mabruki alitoka bara, na siku hizo hilo lilitosha kumtia mtu chama cha pili kabla hajafungua kinywa.

Mabruki aliliwasha gari, akaning'iniza kitambaa chembamba mbele ya rejeta inayopoza maji ya injini. Kitambaa kilitikisika kidogo, kikanyamaza.

"Unaona? Feni yako haivuti mbele, yakhe. Inavuta pembeni. Inachukua moto uliokwisha toka kwenye injini, inauzungusha papo hapo. Rejeta haipati kitu."

Akakata bati la pipa la lami, akaligonga mpaka likawa duara. Alilitengeneza vipande viwili, ili lifungike bila kung'oa feni, akaacha nafasi ya kidole baina ya bati na mapanga ili yasigusane. Alipolifunga na kuliwasha gari tena, kitambaa kilinyonywa kikagandama kwenye rejeta.

"Kama kawa juu ya chano cha wali," alisema Mabruki, akacheka. "Ukifunika vyema, hakitoki kitu pembeni."

Ngwali alipotia mkono mfukoni, mwenzake aliushika. "Utanilipa kwa kufunga mdomo. Nami nna watu wangu."

Safari ya kurudi Mkoani gari lilipanda milima yote bila kusimama. Abiria walifika nyumbani kabla ya adhana, wakafuturu na watoto wao. "Leo limesomewa dua," walisema, na Ngwali akacheka peke yake.

Sasa Khatib aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati, pale lilipokunjwa na kugongwa nyundo ndogo ndogo.

"Mkunjo huu naujua. Ndoo ya mke wangu imekunjwa hivi hivi. Huu nkono wa Mabruki."

"Bati halina jina, Khatib."

"Lina jina." Akaondoka kwa haraka. Aliporudi alikuwa na Bwana Nyange, tasbihi mkononi, uso umemsawijika. Abiria waliokwisha kaa walitoa vichwa madirishani.

"Ngwali," alisema Nyange kwa sauti ya chini, "litoe."

"Bwana Nyange, litachemka. Jana si umeliona mwenyewe lilivyokuja?"

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Lichemke! Likichemka tutatia maji. Watu wakishuka nitatia nini?"

Ngwali alimtazama. Nyange hakuwa mtu mbaya. Mwezi uliopita watu wa chama chake walimwekea mavi mlangoni kwa sababu alimuuguza jirani wa chama cha pili. Jasho lilikuwa linamtiririka, na macho yake yalikuwa kwa Khatib, si kwa gari.

Ngwali akachukua spana, akafungua nati alizozikaza punde hivi. Vipande viwili akavisukuma chini ya kiti chake. Khatib alipanda, akakaa benchi la nyuma ya dereva. Alikuwa na mkutano Chake.

Kiti cha mbele alikaa Bi Mwanawema wa kisiwa cha Makoongwe. Alivuka alfajiri, akabebwa na wapwa zake kutoka ngalawani mpaka garini, mguu umevimba kama gogo, umefungwa kanga iliyolowa. Alikuwa anakwenda hospitali ya Chake, na hospitali mwezi ule dirisha lilifungwa adhuhuri.

Mtambile walipita salama. Mlima uliofuata, gari lilianza kunguruma kwa tabu, kisha mvuke ukatoka, ukapenya kwenye mbao za chini na kumpata Bi Mwanawema mguuni. Alipiga ukelele uliomfanya Ngwali akanyage breki bila kufikiri.

Walishuka. Kivuli kilikuwa mbali, na jua lilikuwa linakaribia utosini. Ngwali alimkalisha bibi kwenye ukingo wa barabara, akamwekea koti lake kichwani, akashuka bondeni na debe. Aliporudi alimkuta amefumba macho.

"Mwanangu," alisema, "jana nnaambiwa gari hili lilikwenda kama jahazi. Leo limelogwa na nani?"

Ngwali alingoja injini ipoe, akatia maji. Mbele yao mlima ulikuwa haujafika nusu, na baada ya huo kulikuwa na mwengine. Alitazama jua. Kisha akafungua mlango, akavitoa vile vipande chini ya kiti, akaanza kuvifunga.

Spana ndiyo iliyosikika.

"Ngwali," alisema Khatib, "unajua unalolifanya?"

"Najua. Nafunga nati."

"Ukilifunga hilo, hapandi ntu."

"Asiyepanda, njia hiyo."

Alipomaliza akafunga boneti na kuwasha gari. Khatib alishika njia, mikono nyuma. Mmoja akamfuata, kisha wawili, kisha wote. Wengine walipita wameinamisha nyuso. Mmoja wa wale waliosema jana gari limesomewa dua alisita, akashika mlango, akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa, naye akauacha mlango. Walikuwa na kiu, wamefunga, juani, na walikwenda kwa miguu.

"Na wewe, Bi Mwanawema?" aliuliza Ngwali.

"Mie nende wapi? Guu langu hili halijui chama. Nipakie."

Gari lilipanda mlima tupu, na ule wa pili, mshale wa joto umetulia. Walifika hospitali dresa wa vidonda akifunga dirisha. Alipoiona ile kanga akalifungua tena. Ngwali alimbeba bibi mpaka ndani, akangoja mguu usafishwe, na alipotaka kuondoka alasiri, bibi alimshika kifundo cha mkono.

"Mungu akulipe," alisema. "Maana hawa hawatokulipa."

Hawakumlipa. Alipofika kituo cha Chake Khatib alikuwa amekwisha tangulia, kwa gari jingine la chama lililomkuta njiani. Alinyosha mkono.

"Ufunguo. Bwana Nyange atatafuta dereva."

Ngwali aliutoa. Alikuwa ameshika usukani ule tangu hana ndevu. Kabla hajafika kwenye kona alisikia bati likigongwa na kung'olewa, kisha likatupwa mtaroni.

Alikwenda Tibirinzi kumtahadharisha mwenzake, akakuta amechelewa. Baiskeli mbili zilikuwa zinatolewa uani na wenyewe, moja bila gurudumu la nyuma, mwenyewe kaibeba begani. Hawa walikuwa watu wa chama cha Mabruki.

"Wamenambia, gari la wale umelipozea nini?" alisema Mabruki. Alikuwa amekaa chini, nyundo baina ya miguu. "Ati ningeliwaacha wachemke hivyo hivyo mpaka Juni."

"Nisamehe, yakhe."

"Nikusamehe nini? Bati lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri."

Mabruki akaitikia kwa kichwa. Harufu ya uji wa futari ilikuwa inatoka ndani. Ngwali alitazama baraza, na Mabruki akaona anavyoitazama.

"Usikae," alisema polepole. "Wewe utakwenda zako Mkoani. Mie nalala hapa hapa, na watoto." Akaingia ndani, akarudi na tende ndani ya karatasi, akamtilia mkononi haraka, mgongo wake umeikinga njia watu wasione.

Ngwali alishika barabara ya Mkoani kwa miguu. Jua lilikuwa limelala, na magari ya mwisho yalikuwa yanakimbilia futari. La kwanza lilikuwa la chama cha Mabruki. Aliinua mkono; dereva, ambaye alimjua tangu utoto, alimtazama usoni, akakaza mwendo. La pili lilikuwa la kwao, la chama cha Khatib. Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini, na mmoja akasema kitu, wakacheka. Nalo halikusimama.

Akateremka kandoni mpaka vumbi likatua, akapangusa macho, akaendelea kwenda.