Makofi ya Mama Mdogo Bertilla

Lori la Hamidi lilirudi kijijini Jumamosi, limejaa chumvi, kaniki na madebe ya mafuta ya taa. Tulikuwa tumelisusia miezi minane, tangu lilipowabeba wanaume wetu kumi na mmoja kwenda jela kwa kukosa kodi ya kichwa. Hatukulipanda wala kulipakia ulezi. Wa kwenda Sumbawanga alikwenda kwa miguu, na tulikubaliana kwamba atakayelipanda hatasalimiwa.

Mama mdogo Bertilla alilipanda. Mtoto wake, Agnesi, alikuwa amevimba koo, hamezi hata uji. Alirudi kwa miguu, peke yake. Agnesi alizikwa hukohuko mjini. Alipotukuta kisimani alipiga magoti, akapiga makofi polepole kama tunavyosalimiana Wafipa, akangoja makofi yetu. Kila mtu aliinamia mtungi wake. Na mimi niliinama.

Sasa wanaume walikuwa wametoka jela, na katekista Evaristi alikuwa ametangaza baada ya misa kwamba lori lipandwe. Kristiana, ambaye ndiye aliyeleta lile neno la kutosalimia, alipanda wa kwanza na magunia mawili ya ulezi. Hamidi akamtania, akimuuliza kama leo lori halinuki. Kristiana akamjibu kwamba linanuka vilevile, ila miguu yake imechoka. Watu wakacheka sana. Muda mrefu hatukuwa tumecheka hivyo.

Mama mdogo alipanda wa mwisho. Alikuwa na msalaba mdogo wa mti, wa kwenda kusimika kaburini. Magunia yalimzuia kupiga magoti, kwa hiyo aliinama tu, akapiga makofi matatu. Injini ilikuwa bado haijawashwa. Wote tulisikia.

Mke wa Kalisti akauliza kwa sauti ya chini kama sasa inaruhusiwa.

“Evaristi ametaja lori,” Kristiana alisema. “Salamu hakuitaja.”

Wakageukia mazungumzo ya bei ya ulezi.

Mama mdogo aliniangalia mimi, mtoto wa dada yake. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kanga, viganja vimeshakutana. Nilingoja mwingine aanze, nimfuate. Hamidi akawasha gari, mngurumo ukajaa kila mahali, na hata kama ningepiga asingesikia.

Akakaa juu ya gunia la Kristiana, msalaba mapajani. Hakumsalimu mtu tena.